Mgahawa wa Kikorea umefunguliwa mtaani: jiko la mezani, chungu cha pamoja au bakuli la kila mtu?

Mgahawa mpya wa Kikorea ukifunguliwa, kinachowavuta watu ni ile meza yenye jiko katikati. Watoto wameiona kwenye tamthilia, baba ameona nyama, na kabla mhudumu hajaweka maji oda imeshatoka: nyama ya kuchoma ya watu sita. Dakika arobaini baadaye bibi bado ana njaa, mtandio wa mama unanuka moshi, na aliyeshika koleo hajatia kitu mdomoni. Chakula hakina kosa, ila kimeagizwa kisichowafaa waliokaa. Menyu ya namna hii ina njia tatu za kula ndani yake, na kila njia ina watu wake.

Tuzilinganishe kwa meza moja ya mfano: bibi mwenye meno machache, baba, mama, shangazi, kijana wa miaka 11 na mtoto wa miaka 5. Mgahawa una miezi miwili tangu ufunguliwe. Hilo la miezi miwili lina uzito wake, tutaliona.

Jiko la mezani

Tuanze na vipimo, kwa kuwa ndipo wengi wanapoteleza. Nyama hapa haiuzwi kwa kilo. Inauzwa kwa inbun, yaani sehemu ya mtu mmoja, na sehemu hiyo kwa kawaida ni gramu 150 hadi 200 za nyama mbichi. Ikipita motoni inapungua kama robo, kwa hiyo gramu 200 zinabaki 150. Ukiagiza galbi, ambazo ni mbavu za ng'ombe, uliza kama uzito ulioandikwa umehesabu na mfupa. Mara nyingi pia jiko haliwashwi kwa oda ya chini ya sehemu mbili, na wali unaandikwa kando kwenye bili. Aliyezoea kuletewa kilo moja na nusu kwenye sinia pamoja na ugali na kachumbari atashtuka. Watu sita wakitaka kushiba kwa nyama tupu, sehemu sita haziwatoshi, na hapo bili imeshaipita kwa mbali ile ya chungu au bakuli.

Nyama zenyewe ziko za aina mbili. Kuna isiyolowekwa, kama chadolbagi, ambayo ni nyama ya kidari cha ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi, na samgyeopsal, ambayo ni tumbo la nguruwe lenye tabaka za mafuta. Na kuna iliyolowekwa viungo: bulgogi (vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe) na galbi ya sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na peasi iliyokunwa. Kazi ya peasi ni ileile ya papai bichi kwenye mishkaki: inakata nyuzi za nyama ili ilainike. Baadhi ya majiko hutumia nanasi au kiwi badala yake, na hayo yana nguvu zaidi. Nyama ikilala humo usiku kucha inatoka laini kama uji, haina cha kutafuna. Ukiletewa galbi inayosambaratika kwenye koleo kabla haijaiva, sababu ni hiyo.

Mpangilio wa kuchoma haubadiliki: isiyolowekwa kwanza, iliyolowekwa mwisho. Sukari ya kwenye viungo inaungua haraka na kuganda kwenye wavu, na chochote kitakachofuata kitakuwa na ladha ya masizi. Wavu ukishakuwa mweusi mwambie mhudumu aubadilishe. Hiyo ni huduma ya kawaida na hailipiwi, lakini kwenye mgahawa mgeni wahudumu husahau mpaka waambiwe. Tandaza vipande visipandane na ugeuze mara moja tu, pale maji ya nyama yanapotokeza upande wa juu. Galbi iliyokatwa nyembamba ni dakika nne hadi sita. Tumbo la nguruwe la unene wa sentimita moja ni dakika nane hadi kumi, na lazima liive mpaka ndani. Koleo la nyama mbichi lisiguse iliyoiva, ombeni la pili. Mkasi ulio mezani ni wa kukatia nyama hukohuko motoni, na ndio utakaomkatia bibi vipande vya ukubwa wa punje ya karanga.

Kisha inaliwa kwa mkono, na hapo watu wetu hawahitaji somo refu. Weka jani la letasi kwenye kiganja. Juu yake tia wali kidogo, kama ncha ya kijiko, halafu kipande kimoja cha nyama na chembe ya ssamjang, ambayo ni mchanganyiko wa soya iliyochachushwa na pilipili. Anayependa ataongeza kitunguu saumu kilichokatwa vipande vyembamba. Kunja pembe zote kama kifurushi na utie kinywani kwa mkupuo mmoja. Ukiuma nusu, nusu ya pili itakumwagikia kifuani. Wageni hujaza kupita kiasi. Kifurushi kizuri hakizidi tonge la ugali, na kwa mtoto jani likatwe nusu. Kuna na jani jingine lenye meno pembeni, kkaennip, lenye harufu kali inayokaribia ya nanaa. Watoto wengi hulitema, basi waombee letasi peke yake.

Shida ni kwamba mgahawa mpya ukiyumba, huyumba zaidi kwenye njia hii. Bomba la kuvuta moshi linaweza kuwa halijarekebishwa. Kabla hamjakaa, tazameni meza ya jirani. Moshi ukikata kona na kuingia bombani ukiwa bado shibiri moja au mbili juu ya wavu, kaeni. Ukipanda usawa wa nyuso, hata dirisha halitawasaidia. Moto wa makaa unapitishwa njiani ukiwa umeshawaka, kwa hiyo mtoto akae ndani kwenye ukuta, asikae kiti cha pembeni. Halafu kuna hesabu ya nafasi: wavu wa kipenyo cha sentimita 30 unabeba kama gramu 250 hadi 300 kwa mkupuo mmoja. Watu sita kwenye jiko moja maana yake kila mmoja anapata vipande viwili vitatu, kisha anangoja mkupuo mwingine. Ikiwa ni lazima moto, ombeni meza yenye majiko mawili, na kila jiko liwe na mtu mzima mmoja wa kulisimamia. Mtu huyo atakula mwisho, akubali tangu mwanzo.

Chungu cha pamoja na vyungu vidogo

Kwanza jifunze tamati za majina, utakuwa umesoma nusu ya menyu. Linaloishia kwa -tang au -guk ni supu. Jjigae ni mchuzi mzito wa chungu kimoja cha udongo. Jeongol ni chungu kipana kinachowekwa kwenye jiko dogo la gesi mezani, watu wanachota pamoja. Bokkeum ni cha kukaangiza, gui ni cha kuchoma, jjim ni cha kupikwa taratibu au kwa mvuke, bap ni wali na myeon ni tambi.

Chungu kina faida moja kubwa kuliko jiko la nyama: hakuna anayefanya kazi. Kinaletwa kimeiva au kinamalizikia mezani, wote wanaanza pamoja, na mchuzi unakwenda na wali kama tulivyozoea. Kwa bei ya sehemu moja ya nyama ya kuchoma mara nyingi mtu anapata chungu kizima pamoja na wali wake.

Kwa bibi, chaguo la kwanza ni galbitang, supu angavu ya mbavu za ng'ombe isiyo na pilipili, au seolleongtang, mifupa iliyochemshwa saa nyingi mpaka supu ikawa kama maziwa. Aliyekulia kwenye supu ya makongoro ya asubuhi ataielewa seolleongtang kwa kijiko cha kwanza, ila ajue kwamba inaletwa bila chumvi makusudi. Chumvi na majani ya kitunguu vipo mezani, kila mtu anatia mwenyewe. Wengi huionja, wakasema haina ladha, wakaiacha.

Samgyetang ni kuku mchanga mzima aliyejazwa mchele wa kunata, vitunguu saumu, mzizi wa jinsengi na matunda mekundu yaliyokaushwa. Hayo matunda ni ndugu wa kunazi zetu, jamii moja ya mti, na yana kokwa ndani, basi kokwa zitolewe kabla mtoto hajala. Wakorea huila hasa siku za joto kali. Kwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa pili, supu ya moto juani si jambo la ajabu. Kuku huyo ni mlo wa mtu mzima mmoja mwenye njaa, au wa bibi na mjukuu.

Doenjang jjigae, mchuzi wa soya iliyochachushwa, una harufu nzito lakini pilipili kidogo au hakuna. Maji yake ya kupikia mara nyingi yamechemshwa na dagaa wakavu na mwani. Kwa hiyo asiyekula samaki asidhani kuwa kwa vile kinachoonekana ni tofu (jibini la maharage ya soya) na maboga basi ni chakula cha mboga. Sundubu jjigae ya tofu laini na yai ni nzuri kwa wasiotafuna, lakini kwa kawaida ni kali. Omba isiyo na pilipili kabla haijapikwa, kwa sababu pilipili inakaangwa kwanza kabisa na haiwezi kutolewa baadaye.

Sasa kuhusu ile miezi miwili. Kimchi ni kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili. Kimchi jjigae inataka kimchi iliyokwisha kuchacha kwa wiki kadhaa, ile ambayo ikiliwa mbichi ni chachu mno. Uchachu huo ndio uti wa mgongo wa mchuzi. Mgahawa ambao bado haujawa na akiba hupika na kimchi changa, na mchuzi unatoka mwekundu, mkali, usio na kina, na wapishi wengine hujaribu kuuokoa kwa siki na sukari. Kipimo ni rahisi: onja kimchi ya kwenye kijisahani. Ikiwa kabichi bado inavunjika kwa sauti na ladha inayotangulia ni ya chumvi na kitunguu saumu, kimchi ni changa. Ni nzuri kwa kula hivyohivyo na nyama, ila usiagize jjigae yake. Rudi baada ya miezi michache.

Kwa meza ya sita, chungu cha pamoja kinachowafaa wengi ni bulgogi jeongol: nyama nyembamba, uyoga, vitunguu, tambi za wanga wa viazi vitamu, mchuzi mtamu usio mkali. Kosa la hapa ni kuacha moto mkubwa. Tambi zinanyonya mchuzi wote ndani ya dakika kumi na chini kunaanza kuungua. Kikianza kutokota, punguza moto, kula tambi kwanza, na omba mchuzi wa kuongezea. Kama nyumbani wanapenda kuku kuliko ng'ombe, tafuteni dakgalbi, kuku asiye na mifupa anayekaangizwa kwenye kikaango kikubwa na kabichi, viazi vitamu na vipande vya keki ya mchele. Asili yake ni mji wa Chuncheon. Ni kali, na zile keki za mchele ni nzito na zinanata. Mtoto wa miaka 5 asipewe nzima, na wala bibi. Zikatwe kwa mkasi vipande vidogo, maana zinakaba koo.

Hatari ya vyungu ni moja. Kile cha udongo kinaendelea kuchemka dakika kadhaa baada ya kuwekwa mezani. Mchotee mtoto kwenye bakuli dogo na umsubirishe dakika tano.

Bakuli au sahani ya kila mtu

Hii ndiyo njia isiyo na mbwembwe, na ndiyo ya haraka. Chakula kinafika baada ya kama robo saa, kila mtu na chake, na mchaguzi hamharibii mwenzake.

Bibimbap ni wali uliopangiwa juu mboga, nyama na yai, kila kitu kwenye kona yake, na unachanganya mwenyewe kwa kijiko. Agiza ile ya dolsot, bakuli la jiwe lililopashwa moto mpaka wali wa chini ugande na kuwa ukoko. Kwa nyumba zinazogombania ukoko wa sufuria, hapa kila mtu ana wake. Usikoroge mara moja. Uache dakika mbili tatu usikie ukilia, kisha changanya kutoka juu, na chini banduabandua mwishoni. Sosi ya pilipili, gochujang, iombe kando. Mgeni anatosheka na kijiko cha chai, mtoto atiwe mafuta ya ufuta na sosi ya soya basi. Jiwe hilo linaunguza muda wote wa mlo, kwa hiyo mtoto apewe ya bakuli la kawaida.

Kwa watoto zaidi kuna japchae (tambi za wanga wa viazi vitamu zilizokaangizwa na mboga), gimbap (wali uliofungwa kwa karatasi ya mwani) na gyeranjjim, mayai ya mvuke yaliyoumuka kama sponji, ambayo ndiyo kimbilio la mtoto aliyekataa kila kitu. Kuku wa kukaanga wa Kikorea hukaangwa mara mbili ndiyo maana ganda lake ni jembamba na linavunjika. Agizeni asiyepakwa sosi, au sosi iletwe pembeni, kwa sababu aliyepakwa analowa njiani akibebwa.

Naengmyeon, tambi kwenye mchuzi wenye barafu, waachieni wakubwa walio wadadisi. Bibi aliyezoea kwamba mchuzi uliopoa umeharibika hatasema asante.

Nguruwe, pombe na uduvi

Hapa njia tatu zinatofautiana kuliko kwenye ladha, na kwa familia ya Kiislamu au ya Kisabato ndipo pa kuamulia. Kumuuliza mhudumu "ni halali?" hakutoshi, atasema ndiyo ili mambo yaende. Uliza vitu vyenyewe: "Dada, nguruwe anachomwa kwenye wavu huu huu? Viungo vya galbi vina pombe ya soju au mvinyo wa mchele? Kuku na nguruwe wanakaangwa mafuta mamoja? Kimchi ina uduvi?"

Kwenye jiko la mezani shida ni wavu na mabomba ya grisi ya nguruwe, na pombe inayotiwa kwenye viungo kukata harufu. Mgahawa ukiwa na samgyeopsal kwenye menyu, na wengi wanayo, meza ya moto kwa Mwislamu makini imeshajibu yenyewe. Kwenye vyungu, mwepukeni nguruwe wa budae jjigae, mchuzi wa soseji na nyama ya kopo uliozaliwa karibu na kambi za Wamarekani baada ya Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953, pamoja na gamjatang, supu ya mifupa ya nguruwe, na kimchi jjigae isipotajwa kuwa ni ya jodari. Kwenye sahani, mandu (vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama) na jajangmyeon (tambi za sosi nyeusi ya soya) mara nyingi huwa na nguruwe, sundae ni utumbo uliojazwa damu, na kuku wa kukaanga huenda akawa ameshiriki mafuta na donkaseu, kipande cha nguruwe kilichopakwa chenga za mkate. Baadhi ya gochujang za kiwandani pia huongezwa spiriti ili zisiendelee kuchacha, lakini kopo lina lebo, liombeni mlisome.

Msabato asiyekula kamba wala ngisi aiangalie kimchi, kwa kuwa nyingi zina uduvi wa chumvi au sosi ya samaki, na pajeon ya haemul, chapati ya majani ya kitunguu yenye vyakula vya baharini. Samaki wa kuchoma, godeungeo-gui, ni wa jamii ya vibua na ana magamba, na kwa wengi ndiye anayemaliza ubishi.

Vijisahani

Vile vijisahani vya mboga, figili na kimchi, banchan, Korea havilipiwi na vinaongezwa. Nje ya Korea uliza kabla ya kuomba mara ya tatu. Uliza pia kama bei za menyu zimejumlisha VAT, maana asilimia 16 ya Kenya au 18 ya Tanzania Bara kwenye oda ya sita inaonekana.

Oda tunayoipendekeza

Kwa meza yetu: bulgogi jeongol ya sehemu tatu katikati, galbitang moja ya bibi, dolsot bibimbap moja ya shangazi, gyeranjjim moja, pajeon moja na mabakuli matatu ya wali. Pajeon itangulie, ili kungojea kusiwe na kelele, na jeongol iagizwe papo hapo. Hivi watu sita wanashiba, na kila mmoja ameonja angalau vitu vinne. Kama watoto hawatasamehe bila moto, ongezeni sehemu mbili za galbi, na mwombeni mhudumu azichome jikoni na kuzileta kwenye sahani ya chuma ya moto. Majiko mengi yanakubali.

Jiko la mezani linashinda pale mnapokuwa watu wazima wanne, hakuna mtoto mdogo, hakuna wa kukwazwa na nguruwe, na hamna haraka. Bakuli linashinda saa ya chakula cha mchana, au mtoto akiwa ameshaanza kulia njaa.

Mezani anayeanza ni mkubwa. Wakorea hawashiki kijiko kabla mzee hajashika chake, na bibi hatahitaji kutafsiriwa hilo. Kijiko ni cha wali na supu, vijiti ni vya mboga, na bakuli la wali halinyanyuliwi. Ukitaka kumwita mhudumu wa kike wa makamo, Wakorea humwita imo, dada wa mama, kama sisi tunavyosema mama ntilie bila kuuliza jina.

Kinachobaki kifungwe kwa akili. Mchuzi unabebeka na kesho ni mtamu zaidi. Nyama iliyochomwa inakauka, ikatwe vipande ikaangiwe wali. Ukoko ulieni hapohapo. Kimchi ikibebwa iwe kwenye chombo kisichojazwa mpaka juu, ndani ya mifuko miwili, na isisahaulike kwenye gari juani, kwa sababu inaendelea kuchacha na kutoa gesi, na mfuniko ukifyatuka harufu yake hukaa kwenye viti wiki nzima.